Mmiliki Aliyezidi

Mwili wa Cornel Tluway ulikutwa ndani ya josho la Endagikot siku ya kuogesha mifugo, na wa kwanza kuugundua alikuwa ng'ombe.

Alikuwa ng'ombe mweusi, mzoefu, wa kutangulizwa kila wiki kwa sababu hajui kuogopa maji ya dawa. Asubuhi ile alifika ukingoni akagoma. Emanuel, mwendeshaji wa josho, alimchapa, akamsema kwa maneno yasiyofaa kuandikwa, kisha akachungulia kuona kinachomsumbua. Aliona sweta jekundu likielea. Halafu akaona kwamba ndani ya sweta mna mtu.

Inspekta Frida Komba alipofika kutoka Mbulu mjini, nusu ya kijiji ilikuwa pale na mifugo yake. Kama muuaji aliacha alama ya kiatu, ilikuwa imeshafutwa na kwato. Hakuna aliyetaka kuondoka. Wengine walikuja kuona maiti. Wengine, na walikuwa na haki yao, walitaka kujua ng'ombe wao wataogeshwa lini.

Frida alikuwa mtu wa Songea. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu Mbulu, na bado alivaa koti zito ambalo wenyeji walilitazama kwa huruma. Alikuwa na tabia iliyomchosha hata mumewe: hakumwamini mtu kabla ya chai, na baada ya chai aliwaamini wachache. Asubuhi ile alikuwa hajanywa.

"Wewe ndiye Emanuel?"

"Ndiyo, afande."

"Dawa hukorogwa kabla ya ng'ombe kuingia. Ungekoroga, ungemwona mapema. Mbona hukukoroga?"

"Hatukorogi kwa mti, afande. Tunaingiza wale wazoefu kwanza, wanakoroga kwa miguu. Halafu tunawarudisha wapite tena."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, nafunga geti. Nikamsikia Cornel ofisini anabishana na yule dada wa Arusha, Veronica. Mimi nikaenda nyumbani."

"Walibishana nini?"

"Mambo ya kompyuta. Yale siyajui."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja, hatua chache kutoka joshoni. Ilikuwa mali ya ushirika wa wafugaji wenye wanachama Mbulu na Hanang, na Cornel, kijana wa Endasak, alikuwa karani wake wa kumbukumbu. Juu ya meza kulikuwa na chaja mbili na kompyuta moja. Koplo Vicent, msaidizi wa Frida na mzaliwa wa hapo hapo, alitafuta ya pili hadi juu ya dari. Haikuwepo.

Daktari alimaliza kazi yake mchana.

"Mapafu hayana maji ya josho," alisema. "Angezama akiwa hai, angeyavuta. Alipigwa kisogoni na kitu kigumu cha mviringo. Akafa, ndipo akatumbukizwa."

"Kitu kama nini?"

"Mpini. Rungu. Bakora. Huku kila mzee ana bakora."

"Ahsante kwa kunipunguzia washukiwa," alisema Frida.

Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Renatus, alimpokea nyumbani kwake chini kidogo ya josho. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipandisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, mzee. Pole kwa msiba."

"Marahaba, mama. Nimeshapoa. Kijana yule alikuwa kama mwanangu."

"Zile kompyuta mbili zilikuwa za nini?"

Mzee alivuta pumzi. Kumbukumbu za mifugo, alieleza, walikuwa wanaziandika kwenye makaratasi yakaliwa na panya. Wakaamua kuingia kwenye kompyuta. Mwalimu Kenneth, anayefundisha kompyuta mjini, akawaletea Excel, programu ya majedwali ambayo kila ofisi inayo. Halafu akaja Veronica, binti aliyetengeneza programu yake mwenyewe akaiita Safu. Wanachama wakagawanyika, wengine huku, wengine kule.

"Nikasema, zipimwe. Cornel aingize taarifa zile zile kwenye zote mbili. Jumamosi atuonyeshe ukutani kwa ile mashine ya picha, tupige kura. Mimi na kompyuta hatujuani."

"Iliyoibwa ni ipi?"

"Nasikia ni ile yenye Safu."

"Wewe una ng'ombe wangapi, mzee?"

"Tisa."

"Mbona leo sikuwaona kwenye foleni?"

"Kijana amekufa, mama. Niogeshe ng'ombe?"

Lilikuwa jibu zuri. Frida aliangalia mkono wa mzee ulioshika bakora. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vya buluu.

"Na vidole?"

"Dawa ya kupuliza, ya vidonda. Ndama alijikwaruza kwenye seng'enge."

Frida alivitazama vidole vile kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akaaga.

Kenneth alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, shati limenyooshwa, hasira imenyooshwa pia. Alihojiwa kituoni.

"Ulimchukia Cornel?"

"Nilimfundisha mwenyewe."

"Hujajibu."

"Sikumchukia. Nilichukia Safu. Afande, Excel imekaa miaka na miaka. Ikikusumbua, ukiuliza ofisi yoyote kuna mtu wa kukusaidia. Safu ikigoma unamuuliza nani? Veronica peke yake. Akiolewa Mwanza, ushirika mzima unakaa gizani."

"Kwa hiyo kompyuta ya Safu kuibwa ni furaha kwako."

"Furaha yangu ilikuwa ishindwe mbele ya watu. Sasa imeibwa, watasema ingeshinda."

Hilo nalo lilikuwa jibu zuri, na Frida alianza kuyachoka majibu mazuri. Alipiga simu Katesh, ambako Kenneth alisema alikuwa akifundisha. Darasa zima la watu wazima lilithibitisha kwamba Kenneth alikuwa mbele yao jioni ile hadi usiku, na wengine wakalalamika kwamba alikataa kuwaachia mapema.

Akabaki Veronica Mbise.

Alikuwa msichana mdogo wa umbo, Mmeru, mwenye macho yaliyokosa usingizi. Alizungumza haraka pale alipoulizwa kuhusu Safu. Inatumia Kiswahili, alisema. Inafanya kazi kwenye simu ya kawaida, bila mtandao. Afisa anasimama joshoni, kila ng'ombe anayepita anapewa mstari wake: yuko zizi gani, dume au jike, alama ya sikio. Alipoulizwa kuhusu jioni ile, alipunguza mwendo.

"Niliachana na Cornel jioni. Nikaenda gesti, nikalala."

"Mliachana vipi?"

"Vizuri."

"Emanuel aliwasikia mkigombana."

Frida alisukuma simu ya Veronica mezani. Palikuwa na ujumbe aliomtumia Cornel baada ya kuondoka: usimwonyeshe mtu yeyote mpaka nirekebishe.

"Ulitaka kurekebisha nini?"

"Majibu hayakulingana," alisema Veronica, sasa kwa sauti ndogo. "Idadi ya ng'ombe ilikuwa sawa kwenye Excel na kwenye Safu, hadi ndama wa mwisho. Lakini ukiuliza wamiliki, Safu ilikuwa inamzidisha mmoja. Mtu mmoja ambaye Excel haina. Nikajua nimekosea mahali. Jumamosi Kenneth angenicheka mbele ya wanachama wote."

"Kwa hiyo ulikuwa na sababu ya kutaka kompyuta ile isionekane Jumamosi."

"Ndiyo. Lakini sikumgusa Cornel."

"Ulianza kwa kunidanganya. Sasa nianzie wapi kukuamini?"

Jioni ile Veronica aliwekwa mahabusu.

Mkuu wa upelelezi wa wilaya, Afande Mushi, aliridhika. Alikuwa mtu wa kupenda faili jembamba.

"Ana sababu, ana uongo, ana ujumbe kwenye simu. Jumatatu afikishwe mahakamani kwa mauaji."

"Sina silaha, afande. Sina kompyuta."

"Utavipata. Au atakuonyesha."

Frida alikwenda kwenye chumba cha mahabusu akasimama nje ya nondo. Veronica alikuwa ameketi juu ya blanketi, magoti kifuani.

"Kesi ya mauaji haina dhamana, si ndiyo?" aliuliza.

"Haina."

"Mama yangu ana sukari. Mimi ndiye ninayemchoma sindano, sasa hivi yuko na jirani. Nikipelekwa Jumatatu, hata nikija kushinda kesi, nitashinda hayupo."

Frida hakupenda kuhurumia washukiwa, kwa sababu huruma huharibu macho. Lakini kulikuwa na jambo lililokuwa linamkera tangu mchana. Veronica alikuwa na Safu nzima kwenye kompyuta yake mwenyewe, gesti. Angetaka kuficha kosa la programu, angelirekebisha huko huko. Kilichoibwa ofisini hakikuwa programu. Kilikuwa taarifa za ng'ombe.

"Nakala ya taarifa zile iko wapi?"

"Hakuna. Safu haitumii mtandao. Ndiyo sifa niliyokuwa naitangaza." Veronica alicheka kidogo, bila furaha.

"Cornel alisema nini kuhusu huyo mmiliki aliyezidi? Maneno yake yenyewe."

"Alisema si kosa. Ndicho tulichobishania. Mimi nasema ni kosa, yeye anasema hapana, nimeshajua ni nani. Alikuwa anafurahi kama mtoto. Akasema, ngoja kwanza niongee na mzee."

"Mzee gani?"

"Hakusema. Hapa kila mtu mwenye mvi ni mzee."

Frida alirudi ofisini kwake. Koplo Vicent alikuwa anakunywa chai, akasimama.

"Kaa. Wewe una ng'ombe, Koplo?"

"Ninao, afande."

"Wangapi?"

Vicent aliangalia dari. Lilikuwa swali rahisi, na Frida aliona jasho likianza kwenye paji la uso wa askari wake.

"Wa nyumbani," aliuliza Vicent hatimaye, "au wote?"

Frida aliweka kikombe chini.

"Kuna tofauti?"

"Basi tu, afande. Maneno ya kijijini."

"Koplo, kuna binti chini pale anapelekwa kwenye kesi ya kunyongwa. Ongea."

Vicent aliongea kwa shida, kama mtu anayevuliwa shati hadharani. Huku kwetu, alisema, mtu hafugi ng'ombe wake wote mahali pamoja. Ugonjwa ukiingia zizini, unaamka maskini. Kwa hiyo unawaweka kwa rafiki, mbali, ikiwezekana wilaya nyingine. Rafiki anachunga, anakamua, maziwa ni yake. Ng'ombe na uzao wake ni wako. Haiandikwi popote, na jirani haambiwi. Wengine hata mke haambiwi.

"Na mwenye ng'ombe akifa?"

"Msibani, baada ya kuzika, wazee wanauliza: nani ana kitu cha marehemu? Aliyenacho anasimama, anasema mbele ya watu, nina ng'ombe wake kadhaa. Ndiyo wajane wanavyopata haki."

"Na asiposimama?"

Vicent alimkazia macho kwa mara ya kwanza. "Haijawahi kutokea, afande. Mtu wa namna hiyo hata kwenye pombe hakaribishwi. Hata kuzikwa, watu watakuja kwa kutegeana."

"Wako wamewekwa kwa nani?"

"Afande, niulize kingine."

Frida alimwacha. Kwa dakika nzima alimshuku hata yeye, kisha akaona aibu, kisha akaamua kuendelea kumshuku kidogo kwa usalama.

Aliamka na jambo kichwani, akamfuata Kenneth kabla hajafungua darasa. Kenneth alikuwa na nakala ya Excel kwenye flashi. Aliifungua.

"Hapa kila mstari ni nini?"

"Nyumba. Jina la mwenye zizi, halafu idadi ya ng'ombe wake waliopita joshoni."

"Waliopita kutoka zizi lake. Unajuaje ni wake?"

Kenneth alisogeza uso karibu na skrini, akausoma mstari upya.

"Excel ingeweza kuonyesha alama za masikio, kama Safu?"

"Ingeweza vizuri kabisa. Ningeweka mstari kwa kila ng'ombe." Alijikuna shingo. "Mimi nilipanga kwa nyumba. Mbeya kwetu ng'ombe wa nyumbani kwako ni wako. Sikuuliza."

Basi hapakuwa na kosa. Excel iliulizwa ng'ombe wanalala wapi, ikajibu. Safu iliulizwa wana alama ya nani, ikajibu. Kulikuwa na mtu mwenye ng'ombe lakini hana zizi, na aliyemhifadhi alikuwa tayari kuua ili jina hilo lisitokee ukutani.

"Nisomee mstari wa Mzee Renatus," alisema Frida.

"Kumi na wanne."

Mzee mwenyewe alisema tisa. Lakini Vicent naye asingetaja idadi ya kweli, na pengine nusu ya majina kwenye ile orodha yalikuwa hivyo hivyo. Tofauti ya ng'ombe watano haimpeleki mtu jela. Frida alihitaji kujua sikio la nani.

Cornel alizaliwa Endasak. Kama aliitambua alama bila kuuliza mtu, basi aliiona utotoni. Siku hiyo hiyo Frida na Vicent walielekea Hanang, na kipande cha mwisho wakakipita kwa bodaboda kati ya mahindi na maharage hadi nyumba yenye turubai la msiba.

Baba yake Cornel aliketi na wanaume. Alijibu taratibu.

"Shikamoo, baba. Cornel alipokuwa mdogo alichunga ng'ombe wa nani?"

"Marahaba. Wangu. Na wa jirani yetu Margwe, Mungu amrehemu. Alikuwa hapati watoto wa kiume, akamchukua Cornel kama wake."

"Margwe alifariki lini?"

"Mwaka juzi. Mjane wake yule pale jikoni, Fransiska."

Fransiska alikuwa anapepeta mchele, mwanamke mkavu, mnyoofu, kanga ya kazi kiunoni. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia. Aliwaonyesha ng'ombe wake wawili bila kuuliza kwa nini. Sikio la kushoto la kila mmoja lilikuwa limekatwa mapengo mawili upande wa chini, na la kulia limepunguzwa ncha.

"Hii ndiyo alama ya marehemu?"

"Ndiyo. Ya baba yake pia."

"Mama Fransiska, marehemu aliweka ng'ombe kwa watu?"

Mjane alipapasa shingo ya ng'ombe wake kwa muda.

"Swali hilo huulizwa msibani," alisema. "Liliulizwa. Hakusimama mtu."

"Mimi nakuuliza leo."

"Na mimi leo, mwanangu, niko kwenye msiba wa Cornel. Niache nipike."

Alijua kitu. Frida angeweza kuapa. Lakini kumbana mwanamke kwenye matanga lilikuwa jambo ambalo hata yeye hakuliweza, na Vicent alikuwa ameshaanza kurudi nyuma kuelekea pikipiki.

Njiani hadi Mbulu Frida alikuwa anafikiria vidole vya buluu.

Asubuhi iliyofuata, wakati wa kukamua, walisimama kwenye geti la Mzee Renatus wakiwa na askari wawili na hati ya upekuzi. Mzee alitoka na ndoo.

"Shikamoo, mzee. Tunaomba kuona yule ndama aliyejikwaruza."

"Marahaba. Ameshapona."

"Tutamwona akiwa amepona."

Frida aliingia zizini na koti lake zito. Hakumwona ndama yeyote mwenye kidonda. Aliona ng'ombe tisa wenye masikio yaliyokatwa zamani, yenye alama moja, makovu makavu. Kwenye kona ya mbali aliona wengine watano, wakubwa, waliokwishazaa, wakitikisa vichwa kufukuza nzi. Masikio yao yote mawili yalikuwa yamekatwa upya, mafupi kama ya mbuzi, na vidonda vilikuwa vimepuliziwa dawa ya buluu.

"Koplo, ng'ombe hukatwa sikio akiwa na umri gani?"

"Ndama, afande. Akiwa ndama." Sauti ya Vicent ilikuwa imebadilika. Alikuwa hamtazami Frida. Alikuwa anamtazama mzee.

"Ni ugonjwa," alisema Renatus. "Kupe walikula masikio."

"Kupe waliochagua watano kati ya kumi na wanne," alisema Frida. "Mzee, nilipokuuliza una ng'ombe wangapi, uliniambia tisa. Mwizi wa kawaida angeniambia kumi na wanne. Wewe hukuweza. Mdomo wako ulikataa kuwaita wako."

Renatus aliweka ndoo chini. Maziwa yalimwagika kidogo, akayafunika kwa kiatu.

Askari walichimba lundo la samadi. Vipande vya masikio vilipatikana kwanza, vimekauka, kimoja bado kikiwa na mapengo mawili. Kompyuta ilikuwa chini zaidi, imefungwa kwenye mfuko wa mbolea. Bakora mzee aliitoa mwenyewe. Alikuwa ameiosha, lakini kwenye ufa wa kichwa chake maabara ingekuja kukuta damu.

Kituoni Frida alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na laweza kutumika kama ushahidi. Mzee alisikiliza kwa heshima, akaomba maji.

"Margwe aliwaweka kwangu wawili," alisema. "Wakazaa. Tulikuwa marafiki tangu jeshini. Alipokufa nilikwenda kuzika. Nilikwenda nimejiandaa kusimama."

"Mbona hukusimama?"

"Mwaka ule wangu walikuwa wameisha kwa ugonjwa wa mapafu. Waliobaki zizini walikuwa wake tu. Nikisimama, narudi kwenye zizi tupu. Wazee wakauliza mara ya kwanza, nikasema ngoja waulize tena. Wakauliza mara ya pili. Nikatazama chini. Wakafunga." Alikunywa maji. "Nikajiambia nitakwenda kwa mjane mwezi ujao. Mwezi ujao wakanichagua mwenyekiti. Halafu mzee wa kanisa. Kila walichonipa kilikuwa kinanifunga mdomo zaidi. Hawa wangu tisa niliwanunua baadaye, wakiwa ndama, mmoja mmoja. Ningeweza kurudisha wale wakati wowote. Lakini ningewarudishaje bila kusema wametoka wapi?"

"Cornel alikuja kwako."

"Alikuja jioni, akanipeleka ofisini. Akafungua ile kompyuta, akanionyesha jina la Margwe. Anasema, mzee, mimi nimeijua alama hii, nimeichunga. Alikuwa ananitazama kwa upole. Akaniambia, Jumamosi itatokea ukutani, kwa hiyo ni bora useme wewe mwenyewe kabla."

"Hicho kilikuwa kitisho?"

"Mimi nilisikia kitisho. Niliiona Endasak yote nyuma yake. Nilimwambia afute. Akasema siwezi kufuta, mzee, ni ng'ombe wa watu. Akageuka kuzima kompyuta. Nilimpiga mara moja tu. Mtoto mwembamba yule. Nikambeba joshoni ili waseme ameteleza."

"Na binti wa Arusha angenyongwa kwa ajili yako."

"Nilikuwa namwombea," alisema Renatus. Frida, ambaye alikuwa amejizuia tangu asubuhi, aliinuka akatoka nje kabla hajasema neno la kumharibia faili.

Veronica aliachiwa saa ile ile. Aliomba simu kwanza, akaongea na mama yake kuhusu sindano, akalia, akafuta uso. Afande Mushi alipita, akamuuliza kwa uchangamfu wa mtu anayetaka yaishe, sasa programu ipi ilikuwa inashinda? Veronica alichukua begi lake. Kenneth alikuwa anamsubiri getini na pikipiki, hajui aseme nini, akampeleka stendi.

Mchana Fransiska aliletwa kutoka Endasak kuwatambua ng'ombe. Aliwatambua wote, hata bila masikio, kwa rangi za mama zao. Frida alimwomba apite kituoni kutia sahihi. Walipofika uwanjani, Renatus alikuwa anatolewa kupelekwa kwenye gari, pingu mikononi, bila bakora, akitembea vibaya.

Mjane alisimama njiani kwake.

"Shikamoo, shemeji."

Renatus alishindwa kuitikia.

"Nilijua," alisema Fransiska. "Margwe aliniambia kabla hajakata roho: wawili wako kwa Renatus, na watakuwa wamezaa. Msibani nilikutazama. Ulipoangalia chini, nikasema, ana shida, atakuja. Nimekungoja."

"Kwa nini hukuniuliza, shemeji?"

"Mjane haulizi. Na ungekana, ningekuwa nimepoteza ng'ombe na rafiki wa mume wangu. Ng'ombe peke yake niliweza kuvumilia."

Renatus alikuwa anatikisa kichwa, kama anayemsihi aishie hapo. Hakuishia.

"Cornel alinipigia simu kabla hajaja kwako. Alitaka Jumamosi ukutani jina la Margwe litokee, na mimi niwepo nione, nifurahi. Nikamkatalia. Nikamwambia, usimwaibishe mzee mbele ya watu. Mfuate faraghani, mwambie aseme mwenyewe, mimi nitasema nilikuwa najua siku zote, nitasema tulikubaliana. Nilimtuma mimi. Nilimtuma akuokoe."

Askari wawili walimshika mzee kwapani wakamwingiza kwenye gari, na gari likaondoka kuelekea mahakamani. Fransiska alibaki amesimama pale pale. Frida alivua koti lake, akamfunika mabegani, wakakaa wote wawili kwenye ngazi za kituo.